Je, Wajua? Treni Inapita Juu ya Magari

Dar es Salaam, treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) haipiti barabarani hata kidogo inapotoka mjini. Inakwenda hewani! Daraja la zege lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 limebeba reli juu ya barabara, na chini yake magari na bodaboda yanaendelea na safari. Hakuna geti la kufungwa, hakuna foleni ya kusubiri behewa la mwisho.

Stesheni yenyewe, karibu na ile kongwe ya Reli ya Kati, imejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite. Ni jengo la kupendeza kweli. Treni za SGR zinaweza kufika kilomita 160 kwa saa, na abiria walianza kuzipanda mwaka 2024.

Na kwa upande wa Mwanza: reli ya zamani ilifika huko kutoka Tabora mwaka 1928. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 1,000. SGR ina 1,435. Jiwe la msingi la kipande cha SGR cha Mwanza–Isaka liliwekwa Fela, Misungwi, tarehe 14 Juni 2021. Urefu wa kipande hicho, pamoja na njia za kupishana, ni kilomita 341.