Usajili Dodoma, lawama Tosamaganga

Ukitaka kujua timu ya Tosamaganga Sekondari itafika wapi msimu huu, usianzie kwa mwalimu wa michezo. Mwalimu ana kikosi cha kuficha na mkuu wa shule wa kumjibu. Anzia kijiweni kwa bodaboda, karibu na hospitali, asubuhi ya Mei wakati ukungu bado umelala mabondeni na abiria ni wa kuhesabu. Hapo makocha ni wengi kuliko pikipiki. Mmoja atakuambia winga wa kushoto mwaka huu ni moto. Mwingine atabisha kwamba winga si hoja, golikipa ndiye tatizo, kila krosi anatoka vibaya. Wa tatu, ambaye mpwa wake anasoma hapo, atashusha sauti na kukutajia nani ameumia kifundo cha mguu na ameambiwa asiseme. Kisha litakuja swali lenyewe: Ifunda wakoje?

Ifunda ni Ifunda Ufundi, shule kongwe ya kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Tosamaganga iko karibu zaidi na mji wa Iringa, juu kwenye misheni ya Wakonsolata, na zote mbili zimo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Shule za kata ziko nyingi na zina vijana wenye mbio, lakini mtu akikuambia anafunga genge mapema kwa ajili ya mechi ya wanafunzi, uwezekano ni mkubwa kwamba moja ya hizo mbili inacheza.

Mashindano yanayozungumzwa ni UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Yanaanzia shuleni, yanapanda kata na tarafa, yanafika halmashauri, mkoa, na mwisho taifa, kwa kawaida mwezi Juni. Fainali za taifa zimewahi kukaa Mwanza, zikaenda Mtwara, zikahamia Tabora, na mwaka 2025 zikaletwa hapa kwetu Iringa. Vyuo navyo vina yake: vya ualimu kama Kleruu vina UMISAVUTA, vyuo vikuu vina TUSA. Ila ushabiki wa kijiweni uko sekondari.

Sasa, wanaopiga ramli pale kijiweni wanajua jambo moja ambalo mgeni hulisahau, nalo ni kalenda. Nguvu ya Tosamaganga ni wavulana wa kidato cha tano na cha sita. Kidato cha sita wanakaa mtihani wa taifa mwezi Mei. Baada ya hapo wanafunga mabegi, wengi wanakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na hata kama kiungo wao alikuwa fundi wa mpira kiasi gani, Juni hayupo. Kidato cha tano nao wanaingia Julai, wakati michezo imeshakwisha. Kwa hiyo kijana wa kidato cha tano ana msimu mmoja tu wa kuonekana: ule wa mwaka unaofuata, kabla hajapanda kidato cha sita. Linganisha na shule yenye kidato cha kwanza hadi cha nne, ambako kipaji kinaingia Januari kikiwa kidogo cha kupeperushwa na upepo, na kinaweza kucheza misimu minne kabla ya kuondoka. Mwalimu wa shule ya namna hiyo anajenga timu. Mwalimu wa kidato cha tano anakutana na timu, anaizoea, kisha anaiaga.

Na hata hiyo anayokutana nayo hakuichagua. Wanafunzi wa kidato cha tano hupangiwa shule na TAMISEMI kule Dodoma, kwa alama na tahasusi. Mfungaji hatari wa kutoka Geita analetwa Tosamaganga kwa sababu alifanya vizuri fizikia na kemia, wala hakuna aliyeuliza ana mguu gani. Beki wa kati ambaye mngemhitaji amepangiwa Songea kwa sababu anapenda historia. Hakuna dirisha dogo. Ndiyo maana siku za kuripoti Julai bodaboda wanakuwa maskauti bila mshahara: wanapakia godoro, tranka na ndoo, na wakati huohuo wanamkagua abiria. Mrefu anawekwa beki kabla hajashuka. Mfupi mwenye mapaja manene ni kiungo mkabaji. Aliyening'iniza daluga kwenye begi anapunguziwa nauli, au angalau anaahidiwa kupunguziwa. Halafu timu ikifungwa mwakani, anayetukanwa ni mwalimu. Usajili unafanyika Dodoma, lawama zinabaki Tosamaganga.

Kuna jambo jingine linaloamua nani apite, nalo halimo kwenye mguu wa mtu yeyote: mamluki. Hakuna msimu wa michezo ya shule unaopita bila tuhuma kwamba fulani si mwanafunzi, au ni mwanafunzi wa shule nyingine, au alikwisha kumaliza na amerudishwa kwa ajili ya mechi hii tu. Ukienda uwanjani mapema utaona mchezo kabla ya mchezo. Walimu wawili wamesimama pembeni ya mstari wa chokaa, kila mmoja na rundo la fomu zenye picha na mhuri wa shule. Wachezaji wamejipanga mbele yao, wamejikunja kwa baridi, jezi zimevaliwa juu ya sweta. Mwalimu mgeni anaangalia picha, anaangalia uso, anarudi kwenye picha. Anafika kwa mmoja mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi hiyohiyo, anasimama. Upande mmoja wa uwanja unaanza kupiga kelele, "Huyo baba wa watoto wawili!" Upande wa pili unajibu kwamba baridi ya Iringa inazeesha watu. Mpira ukiisha, aliyefungwa anakata rufaa, na hapo mechi inahamia ofisini. Wazee wa kijiwe wanasema wazi kuwa timu nzuri ni ile yenye mshambuliaji mzuri na mwalimu mwenye faili nzuri. Mimi ningemtanguliza mwenye faili.

Lakini hesabu zote hizi zina mwisho wa ajabu. Timu inayobishaniwa Mei haipo Juni. Shule ikishapita ngazi za chini, wachezaji wanachaguliwa na kuundwa kombaini. Tuseme watano wa Tosamaganga, wanne wa Ifunda, mmojammoja kutoka shule za kata, wanakuwa Iringa DC. Hao wanakwenda kukutana na Manispaa ya Iringa, Kilolo, Mufindi na Mji wa Mafinga, wanachujwa tena, na wanaobaki ndio timu ya mkoa. Yule beki wa Ifunda uliyemzomea mpaka sauti ikakukauka sasa amevaa jezi yako, na unatakiwa umshangilie. Wengi hawawezi. Wanarudi kwenye pikipiki zao.

Hata fainali zilipoletwa nyumbani mwaka 2025, zilizokuwa zikishindana ni timu za mikoa. Shabiki wa Tosamaganga aliyepanda daladala kwenda mjini alikwenda kuiangalia Iringa. Si jambo baya, na kelele zilikuwepo. Ila yale mabishano ya Mei kuhusu winga na golikipa hayakuwa na pa kwenda. Winga huenda aliachwa mkoani, golikipa huenda hakuitwa kabisa, na anayecheza namba yake ni mtoto wa Mafinga ambaye kijiwe chetu hakimjui hata jina.

Majirani hawafanyi hivi. Kenya, shule inabaki shule mpaka fainali ya taifa. Kakamega wanaitwa Green Commandos, na mtu aliyemaliza pale miaka 30 iliyopita bado atakuuliza wamefungwa na nani. Uganda kuna St. Mary's Kitende, shule ya Lawrence Mulindwa, ambayo jina lake limebebwa na michezo kiasi kwamba uwanja wa Vipers, klabu ya ligi kuu, uko hapohapo shuleni. Mbali zaidi, Marekani, kuna futiboli yao ile ya kubeba mpira mikononi, na ndani yake kuna daraja la tatu la vyuo vidogo ambavyo havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kijana anacheza, analipa ada kama wenzake. Chuo cha Mount Union, katika mji mdogo wa Alliance jimbo la Ohio, kimechukua ubingwa wa daraja hilo mara 13. Tangu 2024 mchujo wao una timu 40, na mashabiki wa vyuo hivyo wanabishana wiki nzima kuhusu nani amepangwa na nani, nani atacheza nyumbani, na nani amebebwa na kamati. Ni kijiwe kilekile cha Tosamaganga, ila wao timu yao inabaki na jina lake mpaka itolewe.

Wanaotetea kombaini wana hoja, na si ndogo. Kijana mwenye kipaji aliyepo kwenye shule ya kata huko Kilolo, shule ambayo haina hata mipira miwili mizima, hatafika popote kama tutasubiri shule yake iwe bingwa. Kombaini inamwokota. Pili, jina la shule likianza kuwa na thamani, shule zitaanza kununua wachezaji, na mamluki tunaolalamikia leo watakuwa wadogo mbele ya watakaokuja. Kitende hawakufika pale walipo kwa kusubiri watoto wa jirani. Hapa kwetu pia tumeona shule zikigeuka klabu: Alliance ya Mwanza ilipanda mpaka Ligi Kuu mwaka 2018, na Fountain Gate iko huko. Mwaka 2025 Fountain Gate ilikutana na Tanzania Prisons ya Mbeya katika mchujo wa kubaki ligi kuu, Prisons wakapona, na Fountain Gate wakalazimika kucheza tena na Stand United ndipo wakajiokoa. Hiyo ni biashara nyingine, mbali sana na mwalimu mwenye rundo la fomu.

Pamoja na hayo, kuna sababu ya kufikiria upya, hasa kwa Iringa. Hatuna timu ya kubishania. Mbeya wana Mbeya City na Prisons. Hata walipolia mwaka 2023, Mashujaa ya Kigoma ilipoiteremsha Mbeya City kwa mchujo, walikuwa na cha kulilia, na timu yenyewe imerudi. Sisi tulikuwa na Lipuli. Mei 2019 iliichapa Yanga mabao 2-0 kwenye Uwanja wa Samora, ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam bao 1-0 kule Lindi. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Tangu hapo shabiki wa Iringa anagawanyika kati ya Simba na Yanga, na kama anataka timu ambayo anaweza kuifuata kwa miguu, anabaki na wanafunzi.

Na wanafunzi wenyewe waliwahi kunyang'anywa mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wizara ya elimu ikiwa chini ya Joseph Mungai, michezo hii ya shule ilifutwa. Mungai alikuwa mbunge wa Mufindi, mtu wa mkoa huuhuu, na mpaka leo ukitaja jina lake mbele ya walimu wa michezo wa umri fulani, mazungumzo yanabadilika. Serikali ya awamu ya nne iliirudisha, lakini kuna kundi zima la vijana lililopita sekondari bila kujua maana ya kwenda mkoani. Walimu wanadai pengo la taifa letu kwenye soka la miaka iliyofuata lilianzia hapo. Sina kipimo cha kuthibitisha, ila sijasikia mtu wa mpira akiwapinga.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji Dodoma kubadilisha kanuni za taifa. Kombaini ibaki kwa safari ya taifa. Lakini ngazi ya mkoa wa Iringa ichezwe na shule. Halmashauri ni tano; kila moja ilete bingwa wake kwa jina lake na jezi yake, na iruhusiwe kuongeza wachezaji watatu kutoka shule zilizotolewa, ili yule kijana wa shule ya kata asipotee. Wateuzi wa timu ya mkoa wakae jukwaani na kuchagua kutoka hapo. Gharama haitaongezeka kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu idadi ya timu ni ileile na kambi ni ileile. Fomu zikaguliwe siku moja kabla, hadharani, na rufaa imalizike kabla ya filimbi ya kwanza.

Maofisa michezo wa halmashauri hizo tano wanaweza kukaa meza moja na kulijaribu msimu ujao. Mechi zichezwe mapema, Februari au Machi, kabla kidato cha sita hawajafungiwa na mtihani, na Tosamaganga icheze angalau mara moja ikiwa na kikosi chake kamili dhidi ya bingwa wa Mufindi. Kijiwe cha hospitali kimeshaanza kupanga nauli.