Kijana Mwenye Mbuzi Mabegani

Wajukuu zangu wa Mwamapalala, nani kati yenu hajawahi kubeba mtoto wa mbuzi mabegani? Mama amezaa machungani, jua linazama, kitoto hakiwezi kutembea. Unakitupia shingoni, unakishika miguu, mnarudi zizini.

Kijana kama nyie amechorwa Roma, huko Italia. Sharti ushuke chini ya ardhi ndipo umwone. Kando ya barabara ya kale iitwayo Via Salaria kuna makaburi ya Priscilla, vichochoro vya giza vyenye urefu wa kilomita kama 13, vilivyochimbwa kwenye mwamba laini. Sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo Wakristo wa kwanza nao walizika nje. Kwenye dari ya chumba kimoja yuko huyo kijana: hana ndevu, kavaa nguo fupi ya kazi, mbuzi mabegani. Ndiye Yesu, Mchungaji Mwema. Picha ina miaka zaidi ya 1,700.

Mtauliza: mbona Injili inasema kondoo? Hata mimi ningeuliza. Mchoraji alichora wachungaji aliozoea kuwaona. Warumi walikuwa wakipamba nyumba zao kwa picha za namna hiyo tangu zamani. Wakristo wakazichukua, wakazipa maana yao. Yesu mwenye ndevu ndefu, yule wa kalenda za ukutani, alienea baadaye.

Wanaosomea mambo haya hukaa Roma miaka. Kipo chuo kizima cha akiolojia ya Kikristo, alichokianzisha Papa Pius XI mwaka 1925. Mwanafunzi hujifunza jinsi rangi ilivyopakwa chokaa ingali mbichi, ikanywea ukutani, na kwa nini marehemu alichorewa picha hii na si ile. Watanzania wamesoma Roma siku nyingi. Laurean Rugambwa wa Kagera alisomea huko sheria za Kanisa, na mwaka 1960 akawa Kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu.

Nauli ya Roma hatuna. Ya Kisesa je? Panda basi la Mwanza, mpite Lamadi na Magu, ushuke uulize Bujora. Padri David Clement, mtu wa Kanada, alijenga hapo kanisa la Kisukuma kwelikweli. Altare ina umbo la kiti cha mtemi, na tabernakulo, anamowekwa Yesu wa Ekaristi, ni nyumba ya msonge. Yule mchoraji wa Priscilla angemwelewa padri huyu bila mkalimani.

Nendeni wakati wa Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hushindana kucheza, kila upande ukiwavuta watazamaji kwake. Wengine hucheza na chatu: wafike mapema wasiomwogopa. Waoga wasimame nyuma.