Fundi wa Shoka Hujulikana Kabla ya Pigo la Kwanza

Katika nyumba nyingi za mjini shoka ni chombo cha kuazima. Halionekani mwaka mzima, mpaka ifike siku ya harusi, hitima au msiba, ambapo masufuria ya pilau huhitaji kuni za kutosha. Au mpaka masika yaanze, na mwembe ulioliinamia paa la jirani uanze kuwatia watu hofu. Hapo ndipo shoka linapotafutwa nyumba kwa nyumba, na pamoja nalo hutafutwa mtu wa kulishika.

Wa kulishika hakosi kupatikana. Kila mtaa una vijana wenye nguvu, na kila penye mti wa kukatwa hukusanyika watu kumi wanaojua namna upasavyo kukatwa. Siku hizi wameongezeka wale waliojifunza kwa kutazama picha katika simu, ambamo mti mkubwa huanguka kwa dakika moja, bila mtazamaji kuonyeshwa matayarisho marefu yaliyotangulia.

Lakini je, mwenye nyumba, ambaye maisha yake ameyapitisha kiwandani, ofisini au sokoni, atamjuaje fundi kati ya wote hao? Swali hili si dogo. Mti ulioangukia upande usiotakiwa hauwezi kurudishwa, na chuma kilichochomoka katika mpini hakichagui wa kumpiga. Ufundi wa shoka hauonekani katika unene wa mikono wala katika wingi wa maneno. Huonekana katika mambo matatu, nayo yote yaweza kukaguliwa hata na asiyewahi kukata mti: mpini, makali, na jinsi mkataji anavyoutazama mti wenyewe.

MPINI NI ROHO YA SHOKA

Wahenga walisema kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni. Yafaa tuongeze kuwa shoka lenye mpini mbovu ni baya zaidi, kwa maana lile lisilo na mpini halimdhuru mtu.

Yako mashoka ya namna mbili yanayotumika nchini mwetu. La kwanza ni la kienyeji, lililofuliwa na wahunzi tangu zama za mababu. Wahunzi wa Ufipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika tanuru ndefu kupita kimo cha mtu, na wenzao wa Buhaya, walikuwa mabingwa wa chuma muda mrefu kabla ya meli kuleta bidhaa za ng'ambo. Chuma cha shoka hili kina mkia uliochongoka, unaopigiliwa katika tundu la kichwa kinene cha mpini. Uzuri wake ni kwamba kila pigo huusukuma mkia ndani zaidi, hivyo shoka hukaza badala ya kulegea. Ubaya wake ni kwamba mkia huo huo, ukizidi kusukumwa, huweza kukipasua kichwa cha mpini. Kwa hiyo mkaguzi atazame hapo kwanza. Ufa, ujapokuwa mwembamba kama unywele, ni onyo.

La pili ni shoka la dukani, ambalo chuma chake kina tundu na mpini hupita ndani yake, kisha hukazwa kwa kabari. Adui wa shoka hili ni mti mbichi. Mpini uliochongwa ungali mbichi hukaa barabara siku ya kwanza, lakini ukikauka husinyaa, na chuma huanza kucheza. Watu wengi hulitumbukiza shoka kama hilo katika ndoo ya maji usiku kucha ili mpini uvimbe. Asubuhi huonekana limekaza, lakini hiyo ni nafuu ya siku moja tu. Nyuzi za mti zilizovimba hubanwa na chuma zikapondeka, na zikaukapo tena mpini hulegea kuliko mwanzo. Dawa ya kweli ni kabari mpya, au mpini mpya uliokaushwa kivulini.

Tena, si kila mti hutoa mpini. Mti wa mpini sharti uwe mgumu na wenye kunepa kidogo, ili upokee mshindo bila kuufikisha wote mikononi. Huko Marekani mipini bora huchongwa kwa mti uitwao hickory kwa sababu hiyo. Kwetu mkole umesifiwa tangu zamani kwa mipini na kwa pinde, na sifa inayotakiwa katika kazi zote mbili ni moja: kunepa bila kukatika.

Baada ya aina ya mti, zitazame nyuzi zake. Katika mpini mzuri nyuzi hufuata urefu wake toka mwanzo hadi mwisho. Zikikatiza na kutokea ubavuni, hapo ndipo mpini utakapovunjika. Tazama pia kitako cha mpini, mahali pete za ukuaji wa mti zinapoonekana. Mistari yake ielekee upande mmoja na makali, isiyakingame. Kisha linyanyue shoka ulitazame kwa jicho moja, kama alengaye bunduki, uone kama makali na mpini vimo katika mstari mmoja. Mpini uliopakwa rangi nzito usiuamini upesi, kwani rangi huficha mafundo na nyufa.

MAKALI NA TUPA

Wengi hudhani kwamba shoka kali ndilo la hatari. Kinyume chake ndicho kweli: shoka kali huingia katika mti, na shoka butu huteleza, aghalabu kuelekea mguuni mwa mshikaji. Kwa hiyo anayekuja kazini bila tupa wala jiwe la kunolea ameonyesha tangu mlangoni kiasi cha ujuzi wake.

Tupa nayo ni kipimo cha chuma. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na makali yatamegeka. Ikikila kama sabuni, chuma ni laini na makali yatapinda. Inayouma kwa taabu kidogo ndiyo inayoonyesha chuma kizuri. Na kama shoka limewahi kutiwa motoni ili kuteketeza kipande cha mpini wa zamani kilichonasa tunduni, yamkini ugumu wake umekwisha, kwa kuwa moto huuondoa ugumu ule aliouweka mhunzi.

Kadhalika, shoka la kuangushia mti lina makali membamba, na la kupasulia kuni lina mashavu manene ya kulitanua gogo. Fundi hutofautisha kazi hizo mbili.

MTI HUSOMWA KWANZA

Fundi afikapo hapigi. Huuzunguka mti. Hutazama umeinamia wapi, uzito wa matawi uko upande gani na upepo unatoka wapi. Huinua macho kutafuta matawi makavu ambayo mtikiso wa shoka waweza kuyaangusha. Huligonga shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza mlio, ili ajue kama ndani limeoza. Nyaya za umeme zikiwa karibu, hukataa kuanza mpaka TANESCO ijulishwe.

Kisha hufyeka mahali pa kusimama na njia ya kukimbilia. Njia hiyo huenda nyuma kwa mshazari, wala haiwi nyuma ya mti moja kwa moja, kwa sababu shina liangukapo huweza kuruka kinyumenyume. Mwisho huwaondoa watu. Kanuni ya wakata miti ni umbali wa mara mbili ya urefu wa mti: ukiwa wa mita 10, asikaribie mtu ndani ya mita 20.

Katika mitaa kama Manzese na Buguruni, jijini Dar es Salaam, ambako nyumba zimebanana, mita hizo ni shida kupatikana. Hapo mti hauangushwi mzima. Hupunguzwa toka juu, tawi kwa tawi, na kila tawi hushushwa kwa kamba. Anayekuahidi kuuangusha kwa mara moja kati ya mapaa ya watu amekwisha kujieleza.

Mahali penye nafasi, fundi hukata kwanza pengo upande wa maangukio, kina chake kikiwa robo hadi theluthi ya unene wa shina. Halafu huhamia nyuma na kukata juu kidogo ya sakafu ya pengo lile. Katikati huacha ukanda usiokatwa, wa kadiri ya sehemu moja katika kumi ya unene. Ukanda huo ni bawaba, kama ya mlango. Ndio unaouongoza mti kwenda chini. Mwenye papara huukata wote, na tangu hapo mti huenda upendako.

Kazi ikiendelea, tazama chini. Shoka la fundi hutoa vipande vipana, kwa kuwa hupiga kwa mshazari na kurudia pale pale palipotakiwa. La asiye fundi hutoa chembechembe, na shina hujaa majeraha ya huku na huko.

UJIRA WA KUTAZAMA

Liko jambo moja zaidi, nalo linamhusu mwenye nyumba. Akimwona mtu anauzunguka mti, ananoa, anafunga kamba na kuwafukuza watoto, hudhani kuwa anapoteza wakati ili apandishe bei. Hivyo humwacha na kumchukua yule aliyekwisha vua shati. Kumbe saa ile ya kutazama ndiyo sehemu ya kazi inayolinda paa, nyaya na uhai, nayo inastahili ujira wake. Nafuu ya bei huweza kuishia katika gharama ya bati za jirani, au katika msiba ambao hauna fidia.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kukata mti uliza kwanza ofisi ya serikali ya mtaa kama kibali kinahitajika. Kagua shoka kwa macho yako mwenyewe, hata lile la kuazima la kupasulia kuni za harusi, na chuma kikicheza lirudishe lilikotoka. Watoto waondoke kabisa, hata wale wanaotaka kutazama kidogo tu. Kisha mpe fundi nafasi ya kuutazama mti wake kwa utulivu, wala usimharakishe.