Tipu ndiyo inayoziba pengo la mshahara wa weita Meru na Embu

Afisa wa leba anayefuatilia maeneo haya hahitaji kufungua faili ili akwambie weita wa mjini Meru au Embu anastahili kulipwa ngapi. Ni shilingi 15,000 na ushei kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Ndivyo inavyosema amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024, kima cha chini kilipoongezwa kwa asilimia 6. Humo weita yumo kapu moja na mpishi, mchonga mawe na utingo wa lori. Afisa huyo, aliyeomba asitajwe, anashikilia kuwa hoteli nyingi za miji hii miwili zinatii. Alipoulizwa ni ngapi zilizokaguliwa, alirudi kuisoma amri.

Weita wenyewe huhesabu kwa siku. Waliozungumza nasi wanataja 400 au 500, pamoja na chakula cha mchana. Wa 500 akifanya kazi siku 26 anapata 13,000. Wa 400 anaambulia 10,400. Siku ya kuugua haina malipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi, na pengine ndiyo sababu wengine huambiwa wapumzike kidogo wiki ya nne inapokaribia. Katika masoko madogo kama Ishiara na Mikinduri, amri yenyewe inashuka hadi chini ya 10,000, kana kwamba unga huko una bei yake.

Pengo hilo huzibwa na tipu, na hakuna anayelieleza waziwazi kama mama mmoja mwenye hoteli ya nyama na chai karibu na Makutano, Meru. Anasema kila Mei Mosi watu hupanda jukwaani wakaongeza mishahara bila kuuliza bei ya mafuta ya kupikia. Yeye hulipia leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wapishi. Akimwandika mtu rasmi, anatakiwa kuongeza asilimia 1.5 ya ada ya nyumba juu ya ile anayokatwa mfanyakazi. Akipandisha chai kwa shilingi kumi, wateja wanavuka barabara. Semina za serikali, ambazo zamani zilijaza ukumbi wake, hulipwa baada ya miezi, na waliohudhuria huondoka bila kuacha hata ndururu kwa kuwa bili si yao. Kwa hivyo anapoajiri hutazama uso kwanza. Weita mchangamfu, kwa maneno yake, hana shida ya mshahara.

Malalamiko yake yana uzito, lakini hasemi nani anabeba hasara mifuko ya wateja inapokauka. Somalia ilipofunga soko la miraa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, fedha zilipungua Maua na kote Nyambene. Mama huyo mwenyewe anakumbuka meza moja ya wafanyabiashara wa miraa ikimwachia weita 200, kisha meza hiyohiyo ikaanza kuaga kwa mkono mtupu. Hakuongeza mshahara kufidia hilo. Embu, ukiacha malipo ya kahawa, tegemeo ni bonasi ya majani chai, ambayo huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba. Miezi mingine weita huishi kwa chenji.

Chenji nayo inatoweka. Zamani bili ya 380 ililipwa kwa noti mbili za 200, na ile ishirini ikabaki kwenye kisahani. Sasa mteja anaingiza namba ya till ya hoteli kwenye simu, analipa 380 kamili na kuondoka. Anayetaka kumkumbuka weita lazima aombe namba yake ya simu, na kwa kuwa kutuma 100 au chini ya hapo hakutozwi ada, wengi hawavuki kiwango hicho. Weita mmoja wa Embu alikuwa akiandika namba yake kwa kalamu nyuma ya risiti. Mwajiri alimkataza, akihofia kwamba siku moja hata bili ingeingia kwenye simu hiyo.

Tena kuna wanaokula na kutoroka. Hapo weita ndiye hulipa. Sheria inaruhusu mfanyakazi akatwe kwa hasara aliyoisababisha kwa makusudi, na sioni makusudi ya weita yako wapi mteja anapopenyea mlango wa nyuma. Lakini kibarua wa siku atashtaki wapi, na kesho anataka kazi?

Kwingineko angalau mambo yameandikwa. Marekani inaruhusu mwajiri alipe dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, mradi tipu zifikishe 7.25. Uingereza, tangu Oktoba 2024, inamlazimisha mwajiri kuwakabidhi wafanyakazi tipu zote. Amri ya Kenya haihesabu tipu kuwa mshahara, ila hoteli za Makutano zimekwisha kuihesabu.

Wenye hoteli wachache wanafikiria kuongeza ada ya huduma kwenye bili, ingawa hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza. Afisa anasema ukaguzi utaongezwa, bila kutaja lini. Mama wa Makutano anasema akilazimishwa kulipa kima kamili atabakiza weita wanne kati ya saba. Huenda ni vitisho, huenda ni hesabu ya kweli. Bonasi ikiwa nzuri na miraa ikipata bei, huenda asiulizwe kuhusu mshahara hadi Januari, wateja wanaporudi kuhesabu karo.