Fonti ya Mwandiko wa Kuunganisha na Usomekaji wa Kiswahili: Mfano wa Snell Roundhand

Utangulizi

Makala haya yanafafanua mtindo na matumizi ya fonti ya Snell Roundhand, kisha yanaonyesha kwa nini fonti hiyo hudai uangalifu inapotumiwa kuandikia Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba uzuri wake unategemea mistari myembamba, ilhali baadhi ya maneno ya Kiswahili hutofautishwa na mistari hiyo hiyo.

Asili na Mtindo

Fonti hii ilibuniwa na Mwingereza Matthew Carter katika miaka ya 1960, kwa kufuata mwandiko wa Charles Snell (1667–1733), mwalimu wa mwandiko wa London. Mwandiko huo uliandikwa kwa kalamu ya nyoya yenye ncha kali. Kalamu ilipokandamizwa kwenda chini, ncha ilipanuka na kuacha mstari mnene. Ilipopandishwa, mstari ulibaki mwembamba kama unywele. Herufi zililalia kulia na kushikana.

Katika uchapaji wa herufi za risasi, kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha madini. Hivyo ilikuwa vigumu kuunganisha herufi zilizolala bila kuacha nyufa. Upangaji wa herufi kwa njia ya picha uliondoa kikwazo hicho, na ndio uliomwezesha Carter kuzifanya herufi zigusane.

Matumizi

Fonti ya aina hii hufaa maneno machache yanayoandikwa kwa ukubwa: majina ya maharusi kwenye kadi ya mwaliko, kichwa cha cheti, au jina la tuzo. Haifai aya ndefu. Vilevile, herufi zake kubwa zimenakshiwa ili zianzishe neno. Neno zima kama BAKITA likiandikwa kwa herufi kubwa tupu, nakshi hugongana na neno husomeka kwa shida.

Changamoto katika Kiswahili

Herufi i, m, n na u hujengwa kwa vijiti vifupi vinavyofanana. Neno "muumini" lina vijiti 14 mfululizo, na kinachovitenganisha ni viungo vyembamba na nukta mbili tu. Tatizo hili hugusa sarufi. Kiambishi "ni-" kina vijiti vitatu, sawa na "m-". Hivyo, "nimealikwa" na "mmealikwa" hukaribiana mno: viungo vikififia katika nakala hafifu na nukta ikapotea, nafsi ya kwanza umoja yaweza kusomwa kuwa nafsi ya pili wingi.

Ritifaa nayo huleta utata. Katika "ng'oa", alama hiyo hukata mfululizo wa herufi, na mchapaji anayetafuta mwandiko usiokatika hushawishika kuiondoa. Hapo hubaki "ngoa", neno lenye maana ya wivu au tamaa. Mtu ambaye jina lake lina ng' naye hupewa cheti chenye jina lisilo lake.

Hitimisho

Kasoro haimo katika fonti wala katika lugha, bali katika kuvikutanisha bila kupima. Inafaa majina yaandikwe kwa mwandiko huu kwa ukubwa wa kutosha, na sentensi, tarehe na mahali viandikwe kwa fonti ya kawaida. Aidha, kabla ya kuchapa, nakala ya majaribio isomwe kwenye karatasi, kwa ukubwa wake halisi, na mtu asiyeyafahamu majina yaliyomo.