Fahamu: Pua kukauka, na njia salama za kuitunza nyumbani

Kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, mvua hukatika na vumbi hutimka kwenye barabara za udongo za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Wengi huamka pua imekauka, inawasha, pengine inatoa damu.

Kwa nini hukauka?

Ndani ya pua kuna ute unaonasa vumbi na vijidudu. Hewa kavu, moshi wa kuni na mkaa, feni ya usiku kucha na baadhi ya dawa za mafua huukausha.

Ufanye nini?

Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha dondosha matone machache kila tundu. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa yanaweza kuwa na vijidudu hatari. Paka mafuta ya mgando kidogo mlangoni mwa pua tu. Yakisukumwa ndani yanaweza kufika mapafuni. Nyunyiza maji uani kabla ya kufagia.

Vipi nyungu?

Kujifukiza, kulikovuma mwaka 2020 wakati wa korona, hulainisha pua kwa muda tu, na maji ya moto huunguza, hasa watoto. Usiwafukize.

Lini uende hospitali?

Damu ikitoka, inamia mbele, bana pua dakika 10 hadi 15. Isipokata, au tundu moja likiziba kwa wiki kadhaa, wahi kituo cha afya.