Je, Wajua? Kitufe Kikikwama, Kompyuta Hujizima
Kompyuta ya mezani uliyoiunga mwenyewe ikizimika kila baada ya sekunde 4 hivi, huenda ndani hamna kilichoharibika. Kitufe cha kuwashia kikikwama, kompyuta huchukulia kwamba umekishikilia makusudi ili uizime. Chomoa waya wake kwenye ubao mama, kisha gusanisha pini mbili ulikouchomoa kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikibaki inawaka, mbaya ni kitufe.

Kompyuta ikizimika papo hapo unapoiwasha, tafuta skrubu iliyodondokea chini ya ubao mama. Hiyo moja yatosha kuleta shoti, na pawa saplai hukata umeme ili kujilinda.

Prosesa nayo hujizima ikizidiwa na joto.

Pawa saplai usiifungue kamwe! Hata ikichomolewa ukutani, kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua.